Keki kwa Kila Kosa

Los Cristianos, Tenerife
9 Februari

Mpwa wangu Lacey,

Kama kuna mtu aliyezaliwa Grimsby na bahati ikamganda kama kupe kwenye sikio la ng'ombe, ndiye mimi, mjomba wako Vernon Maltby. Nakuandikia kutoka kisiwa hiki cha Wahispania, nikiwa kibarazani kwenye baa yangu. Soma tena neno hilo: yangu. Miguu iko juu ya kiti, jua la Februari linanichoma kitambi, na nyinyi huko mnakwangua barafu kwenye vioo vya magari huku pua zinachuruzika. Baa hii sikuitafuta, ilinitafuta yenyewe. Mzee mmoja wa hapa alishindwa na mimi kwenye karata, akasema, "Vernon, chukua funguo, mimi nimechoka na Waingereza." Nikachukua. Mtu akikupa funguo humwulizi mara mbili, asije akapata akili.

Simu nimeitupa baharini. Mwenye baa ana haja gani ya simu? Watu ndio wanaomjia. Kwa hiyo usiniombe zile simu za kuonana nyuso. Andika barua kama mtu aliyelelewa.

Mama yako, dada yangu Sheena, ameniandikia kwenye kadi ya Krismasi kwamba uko Wrayburn, huko wanakofungua ndege za jeshi na kuzifunga upya, na kwamba huu ni mwaka wa tatu. Siku nne karakana, siku ya tano chuo kikuu, mwisho wa yote unapewa shahada na ada unalipiwa. Uanagenzi wa shahada! Zamani zetu mwanagenzi alikuwa mtu wa kufagia na kuzabwa makofi, na mwenye shahada alikuwa mtu wa kuvaa tai asiyejua kufungua kopo la maharage. Sasa wamewatia chungu kimoja wakakoroga. Nani amekula mchuzi huo akapona?

Mimi shule niliiaga mapema, nikaenda kupasua samaki gatini, na leo wahandisi wazima wanakuja kwangu wamebabuka kwa jua, wananiita "mkuu" ili niwaongezee barafu. Jeshi, kiwanda, chuo: wote hao ni watu wanaopeana vyeo ili wasisikie baridi. Usiwape moyo wako. Wape mikono tu, na mikono yenyewe uihesabu ukitoka.

Wakikuchezea, kuna kiti hapa.

Mjomba wako mwenye bahati zake,
Vernon


Lincoln
24 Februari

Mjomba Vernon,

Shikamoo, ingawa mama anasema huistahili. Nilipomsomea barua yako alicheka mpaka akakaa chini. "Vernon na baa! Mwacheni apate nusu ya kreti kwanza." Nimemwambia ana wivu.

Umeuliza nani amekula mchuzi huo akapona. Hakuna. Karakanani wananiita Profesa, chuoni wananiita Fundi. Mimi ni popo, mjomba: ndege hawanitaki kwa sababu nina meno, wanyama hawanitaki kwa sababu nina mabawa. Kule chuoni nakaa na vijana wanaoandika kurasa na kurasa juu ya msuguano, na hawajawahi kuchubuka hata kiwiko. Mmoja aliniuliza tupa ni kitu gani. Mimi mwaka wa kwanza nililipiga tupa bonge la chuma mpaka likawa na pande zilizonyooka kama sala, mwalimu akaliinua kwenye mwanga, akalitumbukiza kwenye pipa la taka, akasema, "Jingine." Hicho ndicho kiingilio chetu.

Msimamizi wa wanagenzi ni bwana mmoja anaitwa Crispin Fane. Viatu vyake havijawahi kuonja grisi. Kila akikutana nami anauliza, "Safari yako ya kujifunza inaendeleaje, Lacey?" Nikamjibu safari yangu ni ya basi la kuja Wrayburn, na leo lilichelewa. Akaandika.

Nyapara wetu wa karakana ni Garrick Pell. Huyo mikono yake ina akili, hilo simnyimi, ila mdomo wake ungefaa kufungwa kwa waya. Wiki ya kwanza alinituma stoo nikalete ndoo ya mvuke. Nikarudi na birika linalochemka nikamwambia ndoo zimeisha. Tangu hapo ananiheshimu kidogo, yaani ananitukana kwa jina langu.

Na kuna hili la keki. Hapa ukikosea, unanunua keki za watu wote. Umeangusha skrubu, keki. Umeacha taa inawaka, keki. Siku yako ya kuzaliwa unanunua mwenyewe, kana kwamba kuzaliwa nako ni kosa. Wanazila kwenye chai ya saa nne, midomo imejaa, wanakusimanga, basi imekwisha, kesho hakuna anayekumbuka. Mwanzo niliona ni upendo. Siku hizi naona ni mbinu ya watu wazima kutoombana radhi.

Kitu kimoja tu ndicho wanachokiogopa kweli: vyombo. Droo zetu zina sponji iliyokatwa kwa umbo la kila spana na kila bisibisi, kila chombo na kitanda chake. Jioni haondoki mtu mpaka kila kitanda kina mlalaji, kisha nyapara na aliyefanya kazi wanatia sahihi. Maana chombo kilichosahaulika ndani ya ndege hakikai kilipo. Ndege ikijigeuza angani, nacho kinatembea.

Siruhusiwi kukuambia ni ndege gani, kwa hiyo usiulize. Nitumie picha ya baa nimfunge mama mdomo.

Mpwa wako,
Lacey


Los Cristianos
11 Machi

Lacey,

Picha? Baa yangu ni mtuhumiwa? Mwambie Sheena aje mwenyewe, na akija nitamtoza mara mbili.

Hapa biashara inachemka. Wiki iliyopita lilikuja kundi zima la wanajeshi kutoka Doncaster, wanaume wamevaa nguo za wauguzi wa kike, eti mwenzao anaoa. Walikunywa, wakaimba, wakalia, mmoja akalala kwenye kisanduku cha maua. Na hao ndio nchi inategemea wailinde! Nikasema heri yule aliye kwenye maua, angalau ametulia.

Ninaye mwajiriwa mmoja, Doña Candelaria, yaani Bi Candelaria kwa Kihispania, mwanamke mkali kama pilipili ya mwisho chunguni. Anapenda kujifanya yeye ndiye mwenye baa. Anasimama mlangoni mikono kiunoni, anapiga kelele: "Vernon! Glasi!" Wageni wanadhani ananituma. Mimi namwachia ajifurahishe, mjane yule, na ili asione aibu naenda kweli kuziosha hizo glasi. Hivyo ndivyo tajiri mwenye roho anavyoishi na watu. Vidole vimenipasuka kwa sabuni, lakini utu una gharama.

Sasa nikufundishe juu ya nyapara. Akina Pell nawajua tangu gatini. Mtu wa namna hiyo amefanya kazi vizuri kwa muda mrefu hata anaamini kwamba kazi ikifanywa naye, basi ni nzuri. Umeelewa tofauti? Hata mimi nimeielewa sasa hivi nilipoiandika. Mcheke, mletee chai yake, lakini usikubali akushike mkono unapotia sahihi.

Na huyo Crispin mwache aandike. Debe tupu nalo linahitaji kalamu ili livume.

Mjomba wako,
Vernon, mwenye Baa


Lincoln
2 Aprili

Mjomba,

Leo sina mzaha. Mama sijamwambia, ataanza kulia kisha ataanza kupiga simu. Nakuandikia wewe kwa sababu uko mbali na kwa sababu humwogopi mtu.

Alhamisi iliyopita jioni droo ya tatu ilikuwa na kitanda kitupu. Bisibisi fupi, ile nene kama kidole gumba. Mimi ndiye niliyekuwa nayo. Mchana nilikuwa nimelala kifudifudi chini ya kiti cha rubani, mahali zinapopita fimbo zinazounganisha mkono wake na mabawa. Nakumbuka nimeishika. Kisha Pell akaniita nimshikie taa. Baada ya hapo sikumbuki kitu, mkono wangu hauna kumbukumbu kabisa.

Nikamwendea. "Bwana Pell, bisibisi fupi haipo."

Akaangalia saa. Jioni ile kulikuwa na mpira na kila mtu alikwisha vaa koti.

"Tazama vizuri."

"Nimetazama. Nadhani imo ndani ya ndege."

"Unadhani." Akainama karibu yangu. "Unajua ukilitamka hilo kwa sauti kinachofuata? Ndege inafungwa utepe mwekundu. Sakafu inang'olewa yote. Wiki tatu za kazi yetu chooni, na sote hapa hatuendi nyumbani. Kwa unadhani wako."

"Si ndiyo sheria?"

"Sheria, Profesa, iliandikwa na watu waliokwisha kwenda nyumbani."

Wenzake wakacheka. Akatoka mpaka kwenye gari lake, akarudi na bisibisi fupi nyingine, sawasawa na ile, kama pacha. Akaibonyeza kwenye sponji. "Haya! Mtoto wa watu karudi kulala. Itakuwa imeangukia kwenye ndoo ya mafagio, utaiona kesho. Jumatatu keki. Za chokoleti, si zile ngumu ulizoleta mara ya mwisho." Akatia sahihi. Akanipa kalamu. Nami nikatia, mjomba. Chini ya jina lake.

Ndoo ya mafagio nimeipekua. Haimo.

Jumatatu nikaleta keki. Saa nne, ndiyo kwanza tumekaa, akaingia rubani mwenyewe, Luteni Tolland, amekuja kuitazama ndege yake. Si mkubwa kwangu kwa miaka mingi. Ana masikio makubwa na anamwamkia kila mtu, hata mfagizi. Akachukua keki, akala, akauliza, "Za nani leo? Nani kakosea?"

Pell akasema, "Profesa wetu huyu. Kapoteza bisibisi kwa dakika mbili."

Rubani akacheka. "Ilimradi mmeipata."

Wenzangu walikuwa wanatazama vikombe vyao. Rubani alikuwa ananitazama mimi, anangoja tu, kwa adabu. Nikasema, "Chukua na nyingine."

Akachukua.

Injini yake bado haijarudi kutoka inakokaguliwa, kwa hiyo haitaruka kabla ya mwisho wa mwezi. Pell amebakiza mwaka mmoja apumzike. Nikisema, yeye amekwisha, nami nimekwisha pamoja naye, maana sahihi ni mbili. Watu kama mimi hawapewi nafasi mbili huku, mjomba. Ukipoteza imani yao mara moja, hakuna kiwanda cha jeshi kitakachokufungulia lango. Nikinyamaza, labda kweli imo kwenye ndoo nyingine.

Niambie nifanye nini. Nawadharau wote, na nimekaa nao meza moja.

Lacey


Los Cristianos
9 Aprili

Lacey,

Leo hata mimi sina utani, na hilo peke yake likutie hofu.

"Chukua na nyingine." Nimeyasoma maneno hayo nikaenda kusimama nje. Mtu anakuuliza kwa adabu kama kaburi lake limefukiwa, nawe unamwongezea sukari. Mtoto wa dada yangu! Niliyekubeba mabegani ufukweni Cleethorpes ukanikojolea kola!

Pell usiniletee. Pell ni mlevi wa ujuzi wake mwenyewe, na hao wanaocheka ni mikia, mkia haujui mbwa anakwenda wapi. Nawadharau bure, hawanigharimu kitu. Wewe ndiye unayenigharimu. Unaandika "nawadharau wote" kama mtu aliyesimama nje ya dirisha. Umo chumbani, binti. Una makombo kifuani.

Na usinifanyie hesabu ya "labda". Kama ungekuwa unaamini hiyo ndoo nyingine, usingeniandikia.

Sasa sikia. Hapo kazini pasipo shaka kuna mtu mmoja mwenye mamlaka ya kuifunga ndege. Si Crispin, huyo atakuuliza habari za safari. Nenda kwa huyo mwenye kufunga. Nenda asubuhi, kabla ya chai, kabla mtu hajakuchekesha. Usianze na "samahani", usianze na Pell, usielezee mpira. Sema: bisibisi imo ndani ya ndege. Halafu funga mdomo uache wao wafungue sakafu.

Unaogopa watakufukuza. Wakufukuze! Ni nani hao? Umesahau una mjomba wa namna gani? Kuna baa hapa, mlango wake uko wazi mwaka mzima. Leo hii nakuandikia kwa mkono wangu kwamba nusu ya baa ni yako. Candelaria atakufundisha mashine ya kahawa, mimi nitakufundisha uvivu. Hawawezi kukuvua kitu, kwa sababu una pa kwenda. Mtu mwenye pa kwenda husema kweli kwa sauti ya kawaida.

Basi nenda kaseme.

Mjomba wako,
Vernon


Lincoln
25 Aprili

Mjomba,

Nimesema.

Mwenye kufunga ndege ni mkaguzi mmoja anaitwa Bi Rosalind Okell, mwanamke mfupi ambaye sijawahi kumwona akila keki. Nilimkuta ndiyo kwanza anavua koti. Nikasema kama ulivyoniambia. Niliogopa atapiga kelele. Aliuliza tu, "Ndege ipi, na sehemu ipi?" Nikamwambia. Akachukua utepe mwekundu kwenye msumari, akatoka, na koti lake bado liko mkono mmoja.

Wakang'oa sakafu. Bisibisi haikuwa pale nilipolala. Ilikuwa imeshateleza, maana katikati hapo ndege iliinuliwa na kushushwa kwenye jeki. Ilikuwa imelala kando ya kiungo cha fimbo ya kuongozea, imekwisha kukwaruza rangi. Bi Okell alinionyesha kwa tochi. Akaisogeza fimbo polepole, ikaenda, ikaenda, ikagota. Mlio mdogo tu, tik, kama kijiko kwenye kisahani. Akanitazama akasema, "Angani hapo ndipo rubani angekuwa anavuta."

Pell wamemtoa kazini siku hiyohiyo, kwa ile sahihi yake. Alikunja ovaroli yake vizuri, kama ya dukani, akapita mbele yangu kana kwamba mimi ni nguzo. Tangu hapo karakanani natembea kwenye hewa tupu. Kikombe changu nilikikuta kwenye pipa la mafuta machafu. Nikisema habari za asubuhi, feni ndiyo inanijibu. Mmoja wao, Dougie, ambaye Desemba nilimkamilishia hesabu zake zote za mtihani, alinifuata mpaka lango la nje. "Mwaka mmoja, Profesa. Alibakiza mwaka mmoja. Umefurahi?" Nikamwambia, "Na wewe ulicheka." Akatema mate karibu na kiatu changu, lakini si juu yake. Hata kutema hawana uhakika.

Crispin ndiye kichekesho. Alinikalisha ofisini akasema nimeonyesha "ukuaji mkubwa". Katika kikao hichohicho akanipa onyo la mwisho kwa kuchelewa kusema. Na kabla sijainuka akaniuliza kama ningependa kuwahutubia wanagenzi wapya juu ya uaminifu, kuwe na mpiga picha. Mjomba, nilicheka mbele ya uso wake. Akaniuliza kama nahitaji maji.

Hayo yote ningeyavumilia. Lakini jana rubani alikuja. Bi Okell akampa ile bisibisi iliyo kwenye mfuko wa nailoni. Akaigeuzageuza. Kisha akanijia, yule mwenye kuamkia kila mtu, akasimama, akasema, "Uliniambia nichukue na nyingine." Akaondoka. Hakusema kwa hasira. Afadhali angenizaba kibao.

Basi, nimemaliza na watu hawa. Wote: wanaocheka, wanaoandika, wanaotema, na mimi mwenyewe niliyekaa nao. Mwaka mmoja umebaki nipate shahada, na shahada hiyo siitaki, waitundike chooni. Barua ya kuacha kazi nimeshaiandika, nitampa Crispin mwisho wa Mei, kabla ya mitihani. Tiketi ya ndege nimekwisha kata. Mama nitamwambia nikiwa uwanjani.

Nilipokuwa nimesimama mbele ya mlango wa Bi Okell nilitaka kugeuka nirudi, nikajiambia, "Lacey, una nusu ya baa." Ndiyo iliyonifikisha ndani. Sasa nakuja kuishika kwa mikono yangu. Nielekeze tu mlango ulipo, nitakuja moja kwa moja.

Mshirika wako,
Lacey


Los Cristianos
3 Mei

Lacey,

Usije.

Nimejaribu kuandika barua ya kuchekesha, haikutoka. Kwa hiyo nitakutukana kwanza, maana hilo nalimudu, kisha nitasema la pili.

Unakimbia kikombe? Kipande kimoja cha udongo ndani ya mafuta machafu, na umekwisha kata tiketi? Umesimama mbele ya mtu mwenye mamlaka ya kukumaliza ukamwambia ukweli, halafu anakushinda Dougie, mtu asiyeweza hata kulenga kiatu? Eti unawadharau. Mtu anayemdharau mwenzake hatoki chumbani ili amwachie kiti. Wewe hujawadharau, unawaonea haya, na wao wanakuonea haya, ndiyo maana hawakuamkii. Wakikutazama wanakumbuka walivyotazama vikombe vyao. Ukiondoka watapona siku ya pili. Wataagiza keki. Kaa hapo uwe mwiba. Mwiba ni kazi ya heshima.

Rubani alikuwa na haki. Neno lake limeze, usilitafutie sukari. Neno hilo utatembea nalo, na siku moja utakuwa wewe ndiye unayeshika kalamu, na mwanagenzi fulani atakujia jioni ya mpira na kukuambia droo ina kitanda kitupu, na hutaangalia saa. Mtu aliyesoma tu vitabuni ataangalia saa. Pell aliangalia. Mimi ningeangalia, na ningekimbilia koti. Kwa hiyo hiyo shahada yao ichukue, uitundike popote, lakini ichukue. Nchi imejaa wenye vyeti ambao hawajawahi kuisikia hiyo tik.

Barua ya kuacha kazi ichane. Ukishindwa kuichana, mpe Sheena aichane, ana mikono mizuri kwa kazi hiyo. Na mwambie yote. Alie, apige simu, ndiyo kazi ya mama.

Sasa la pili. Nimelizunguka kama mbwa anayetafuta pa kulala.

Ulisema mbele ya ule mlango ulitaka kugeuka, ukajiambia una nusu ya baa. Hukuwa nayo. Nyuma yako hapakuwa na mlango wowote wazi, hapakuwa na kiti, hapakuwa na mjomba wa kukupokea. Uliingia kwa Bi Okell huna kitu chochote duniani ila nafasi yako ya kazi, ukaiweka mezani, ukasema. Nakuambia hivi ili ujue ni nani aliyeingia. Usije ukadhani ni mimi niliyekuingiza.

Doña Candelaria si mwajiriwa wangu. Mimi ndiye wake, akipenda. Naosha glasi, nafagia kibaraza, natoa walevi kwenye maua. Nalala kwenye chumba cha mapipa nyuma ya jiko, kina kitanda kimoja, na hicho nacho ni kifupi. Simu sikuitupa, niliiuza. Picha sikutuma kwa sababu mlango wa baa una jina, na jina si langu.

Utanidharau sasa. Nidharau, ila fanya hivyo ukiwa hapo Lincoln na ovaroli yako mwilini.

Baa si yangu, Lacey. Haijawahi kuwa yangu hata siku moja.

Vernon